Kipato cha Nyumbani na Uzito wa Mtoto

Nimelea watoto wangu katika mazingira mawili ya Dar es Salaam: kwanza chumba cha kupanga Manzese, kisha, kipato kilipoongezeka, nyumba yenye uzio huko Goba. Manzese walikwenda shule kwa miguu, walicheza uchochoroni mpaka magharibi, na tulikula ugali, maharage, dagaa na mchicha kwa kuwa ndivyo tulivyovimudu. Tulipohama, basi la shule likawa linawachukua getini, runinga ikashika nafasi ya michezo, soda na juisi za boksi hazikukosekana kwenye friji, na haukupita muda sare zikaanza kuwabana. Jamaa walitupongeza, kwani kwetu mtoto mnene huhesabiwa kuwa ametunzwa vyema, na naamini sifa hiyo huwachelewesha wazazi wengi kutafuta ushauri.

Hata hivyo, unene si tatizo la wenye nacho peke yao. Nchini Uingereza, ambako watoto hupimwa wanapoanza shule ya msingi na wanapoikamilisha, kiwango cha unene uliokithiri katika maeneo maskini zaidi ni zaidi ya mara mbili ya kile cha maeneo yenye unafuu zaidi. Hapa kwetu pia, mama anayerudi usiku kutoka kibaruani hupiga hesabu ya mkaa unaohitajika kuivisha maharage, akaona heri anunue chipsi za kibandani, ilhali kiwanja walichochezea watoto kimekwisha kujengwa fremu za biashara.

Kwa hiyo ushauri wangu hutegemea hali ya nyumba. Mwenye nafasi awarudishie watoto kile ambacho fedha imewaondolea: watembee panapokuwa salama, wacheze angalau dakika 60 kwa siku kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na soda, ambayo chupa moja ya kawaida huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, ibaki kuwa ya sikukuu. Mwenye kipato kidogo aloweke maharage usiku kucha ili yaive kwa mkaa mchache, apike ya siku mbili endapo ana pa kuyahifadhi, na anunue matunda ya msimu badala ya juisi.

Mtoto asinyimwe chakula wala kuitwa kibonge. Apelekwe kituo cha afya, uzito wake ulinganishwe na urefu na umri, kwa kuwa mara nyingi anayekua huhitaji tu uzito usiendelee kupanda huku kimo kikiongezeka.