Siku tatu kwa wiki

Ukunda, Septemba 2020

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema hoteli ya Watamu iliyofungwa kwa korona imefunguliwa tena na wanakutaka jikoni siku 3 kwa wiki, malipo kila jioni. Unaniuliza: urudi hivyo, au ungoje mpaka wakuite kwa kazi kamili kama zamani?

Rudi. Ndege za nje zimeanza kutua tangu tarehe 1 Agosti, lakini vyumba havijai kwa mwezi mmoja, na kodi haingoji. Kinachoninyima usingizi ni namna utakavyoingia.

Kisa cha 1997 sijawahi kukusimulia chote. Agosti ile Likoni ilipochafuka kwa ghasia, wageni walikimbia pwani nzima. Nilikuwa nimeajiriwa udobi hotelini Diani, mwaka wa sita. Tukaambiwa twende nyumbani. Baada ya miezi nikaitwa tena, sasa kibarua: asubuhi mnasimama getini, msimamizi anachagua kwa kidole, wengine wanarudi walikotoka. Nilishukuru, maana wewe ulikuwa bado unanyonya. Nikafua shuka zile zile, mashine ile ile, miaka minne, bila karatasi hata moja yenye jina langu. Saini zangu zilibaki kwenye daftari lao. Siku waliyoniambia basi, nilikwenda kudai haki yangu, nikaulizwa ushahidi uko wapi. Nililia njia nzima, na babako sikumwambia.

Wazee wa Mombasa walitueleza kuwa kibarua kilikuwa barua ndogo kweli, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili ajulikane amefanya. Mimi hata hicho sikuwa nacho.

Wewe una Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa si ya kumalizika chini ya miezi 3, huhesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Kumwachisha huyo kunataka notisi ya maandishi ya siku 28. Siku zako 3 hazifuatani, na hapo watakubishia. Lakini kupika hotelini ni kazi ya kumalizika lini? Shika hapo. Na wakikupa mkataba wa miezi 3 au zaidi, sheria inataka uandikwe. Usikubali wa mdomo.

Waombe wakulipe kwa M-Pesa, na zile meseji usizifute. Kila jioni, kabla hujavua viatu, andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, pesa uliyopata na aliyekupangia zamu. Hata siku umechoka, mwanangu. Hiyo hasa ndiyo usiiruke.

Daftari nimekununulia, la jalada gumu. Mjomba wako anavuka feri Ijumaa, atakuletea huko Malindi kwa mamako mdogo. Ukurasa wa kwanza nimeshakupigia mistari.

Mamako