Swali la lugha: Viboko wawili au viboko viwili?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza samaki Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwanangu wa darasa la tano alipewa zoezi ataje maana za maneno paa, kiboko, ndege na mbuzi, kisha atunge sentensi. Kwenye paa aliandika mnyama, paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki. Hiyo ya mwisho ikakatwa. Kwenye kiboko aliandika "Viboko wawili walitoka majini", ikasahihishwa kwa kalamu nyekundu kuwa "Viboko viwili vilitoka majini". Mimi samaki nawapaa kila siku, na viboko nimewaona kwa macho yangu. Nani amekosea? Na kwa nini neno moja linabebeshwa vitu vingi hivi, Kiswahili kimeishiwa maneno?

JIBU: Marahaba, mama. Kijana wako hajakosea hata mahali pamoja.

Kupaa samaki ni kumtoa magamba. Neno ni la siku nyingi na kamusi zinalo. Siku hizi wengi husema kupara, na huenda aliyesahihisha daftari analijua hilo peke yake. Yote mawili ni Kiswahili. Ila neno la kazi hulijua zaidi mwenye kazi. Nilipita hapo Mwaloni majuzi, mama mmoja amemshika sato mkiani, kisu anakipeleka kinyumenyume kuelekea kichwani, magamba yanamrukia kifuani na mengine yamekwisha kumkaukia mkononi yanameta hadi kwenye kiwiko. Muda wote huo alikuwa anabishana bei na mteja, kisu hakukitazama hata mara moja. Huyo humwambii kupaa ni nini. Tena kijana angeweza kuongeza maana ya tano, kupaa moto, yaani kuchota makaa kwenye jiko la jirani ukawashie lako. Hiyo imefifia kwa sababu ya viberiti, lakini haijafa.

Sasa viboko. Kiumbe mwenye uhai, hata jina lake likianza na ki-, hufuata upatanisho wa A-WA. Kiboko amezama, kifaru amelala, kipepeo ametua, kijana amefaulu. Hakuna asemaye "kijana changu kimefaulu", labda awe anamdharau. Kwa hiyo "viboko wawili walitoka majini" ndiyo sahihi kwa wale wanyama wanaowatia wavuvi wetu hofu alfajiri. "Viboko viwili vilitoka majini" nayo ni sentensi safi, ila inasema fimbo mbili zimetoka ziwani zenyewe, na hapo, mama, usimtafute mwalimu wa Kiswahili, mtafute mganga.

Hizo maana mbili zina undugu wa damu. Fimbo iliitwa kiboko kwa sababu ilikuwa ngozi ya kiboko, iliyokatwa ukanda na kukaushwa mpaka ikawa ngumu. Wakati wa utawala wa Wajerumani ndicho kilichotembea migongoni mwa watu, na adhabu yake ya mapigo 25 ikaacha msemo wa hamsa ishirini. Baadaye ngozi ikaondoka, jina likabaki. Kiboko cha leo ni ufito wa mpera, mnyama hahusiki kabisa, lakini jina ni lilelile. Kisha likasogea tena: ukisikia mtoto amechapwa viboko vinne, usidhani zilivunjwa fimbo nne. Ni moja, iliyoshuka mara nne.

Na halijaishia hapo. Mtaani mtu akiwashinda wenzake wote husemwa kuwa ni kiboko, na hapa ndipo ninapolipenda neno hili kuliko mengine. Sikiliza watu wanavyosema: "Huyu ndiye kiboko yao." Hawasemi kiboko wao kama mnyama, wala kiboko chao kama fimbo. Wanasema yao, kama vile baba yao au bosi yao. Hakuna aliyekaa kikao kupitisha hilo. Watu walihisi kwamba huyu si mnyama wala si fimbo, wakampa upatanisho wa kwake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Neno la Kiswahili halitembei peke yake. Maana yake iko nusu kwenye neno lenyewe na nusu kwenye viambishi vinavyoliandama.

Chukua ndege. Ndege huyu ana mabawa ya manyoya, ndege hii ina injini. (Wazee wa pwani walikuwa na ndege mwingine, wa ubashiri: ndege njema ilikuwa dalili ya heri, ndege mbaya ya shari.) Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya kivita ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitumwa kuipiga Mwanza. Ililenga matangi ya mafuta, ikakosa, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane penye hifadhi ya wanyama. Wakafa swala na ndege. Sasa jiandikie kwa ufupi: "Ndege iliwaua ndege." Maneno matatu, mawili yanafanana herufi kwa herufi, na bado hakuna mtu wa Mwanza atakayeuliza nani alimuua nani. I- inaonyesha chuma, -wa- inaonyesha wenye manyoya. Igeuze: "Ndege waliiharibu ndege." Hapo unaona kundi la ndege limeingia kwenye injini wakati chombo kinapaa juu ya ziwa. Na wale swala waliokufa Saanane hakuna atakayewachanganya na swala ya Ijumaa. Swala wamekufa, swala imewadia.

Ninachowaomba walimu wakazie ni hicho kiambishi cha katikati, kwa sababu ndicho kinachosahaulika. "Nimeona ndege" haijasema kitu. "Nimemwona ndege" na "nimeiona ndege" zimemaliza kazi. Hata lugha ya vijana inaitii kanuni hii bila kujua. Vijana wakisema wikendi walikula bata, wamestarehe tu, pengine chipsi na soda pale ufukweni. Wakisema walimla bata, basi kuna bata aliyechinjwa, na mwenye bata anaweza kudai.

Turudi kwenye undugu. Si maneno yote yanayofanana yametoka tumbo moja. Kiboko ni neno moja lililotoa matawi, na wataalamu huiita hali hiyo polisemia. Kima ni habari nyingine. Kuna kima mnyama, ndugu yake nyani. Kuna kima cha nyama ya kusaga iliyomo kwenye sambusa, kilichotujia na mapishi ya Wahindi. Na kuna kima cha chini cha mshahara, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya thamani. Watatu hawa hawajuani. Wamekutana njiani wakakuta wamevaa nguo sare, na hiyo ndiyo homonimia. Kamusi huwatofautisha kwa namba: wasio na undugu huingizwa kila mmoja peke yake, kima cha kwanza, cha pili, cha tatu, wenye undugu huwekwa chini ya paa moja, maana zikihesabiwa ndani. Mtoto wa darasa la tano hahitaji majina hayo makubwa. Akijua kusema kima wa porini, kima cha mshahara na sambusa za kima, ameshafika.

Mengine nayapitia juujuu. Nondo ni mdudu anayezunguka taa, ni chuma cha kufungia zege, na mzungumzaji aliyetoa hoja nzito husifiwa kuwa ameshusha nondo. Kifaru yuko porini, lakini kifaru kilichopita barabarani kina mzinga. Kanga ni ndege mwenye madoadoa, na inaelezwa kuwa nguo ililichukua jina kwake kwa sababu ya madoadoa hayohayo. Paka ni mnyama, na paka rangi ni amri. Pamba hatuhitaji kufundishwa sisi: tunailima, tunapamba kumbi za harusi, tunavaa pamba kali, na klabu yetu ya Pamba tunaishangilia uwanjani. Kuhusu Simba, magazeti ya michezo huandika "Simba imefungwa" yakimaanisha klabu, au "Simba wamefungwa" yakiwataja wachezaji. Ukiandika "Simba amefungwa", umehamia kwenye bustani ya wanyama, na mashabiki wa upande wa pili watacheka zaidi.

Ila iko hali nyingine inayotukwaza zaidi sisi watu wa ziwani kuliko hiyo ya neno moja na vitu vingi, nayo ni jina moja kwa samaki wasiohusiana. Wewe unauza dagaa wa Mwanza. Mteja aliyekulia Kigoma akionja analalamika kuwa hawa si dagaa. Ana haki nusu. Dagaa wa Ziwa Victoria yuko kwenye ukoo mmoja na ningu wetu, wakati wale wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa akina saladini wa baharini. Jina tumelitoa kwa udogo wa mwili, ukoo hatukuuliza. Na huyohuyo dagaa wako akivuka maji hadi Kisumu anaitwa omena, akishuka upande wa Uganda ni mukene. Sangara naye akifika Kenya ni mbuta. Kisha waandishi wa habari wakaja wakamchukua dagaa wakamfanya mtu: wakikamatwa wauzaji wadogo wa dawa za kulevya husema wamenaswa dagaa, mapapa wameachwa. Papa kwenye ziwa letu hayupo, lakini kila mtu Mwanza anaelewa. Na Papa wa Roma haingii kwenye mchanganyiko huo, kwa herufi yake kubwa.

Kwa hiyo maneno hayajaisha. Lugha gani haifanyi hivi? Sisi kwa bahati nzuri tuna viambishi vya kutusaidia, kama tukivitumia. Na hapo ndipo kalamu nyekundu ilipokosea: ilitazama ki- mwanzoni mwa neno, haikutazama kilichotajwa.

Mpe kijana daftari alirudishe kwa adabu, na pembeni ya kupaa samaki aandike "yaani kupara", ili asionekane mbishi. Kwenye mbuzi sijaona umeniandikia amejaza nini. Kama ametaja wa kuchunga peke yake, muonyeshe na ile ya kukunia nazi, kama ipo jikoni: mbuzi wangu amepotea, mbuzi yangu imepotea.