Shemeji Anataka Karati Moja

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, niko Mwanza. Desemba namvisha mchumba wangu pete. Dada yake anayeishi Dubai alikuja likizo na almasi ya karati moja kidoleni, akaniambia mbele ya watu nisije nikamvisha mdogo wake "punje". Sasa kuna bwana ananiuzia jiwe, anasema ni almasi ya mgodi wa Mwadui, la duara, limeshakatwa, shilingi milioni 2.5, mwisho Jumamosi. Tumelipima: karati moja kamili, upana milimita 5.5. Tumelipulizia pumzi, tumekwaruza nalo kioo, limefaulu. Cheti halina. Nichukue? – Mwenye Haraka*

Marahaba, mwanangu. Usitoe hata senti. Tena umejijibu mwenyewe bila kujua.

Almasi ya duara ya karati moja, yaani gramu 0.2, ikikatwa vizuri huwa na upana wa karibu milimita 6.5. La kwako lina uzito huohuo lakini limenywea hadi 5.5. Zirkonia, kito cha kiwandani cha bei ya chee, ni nzito kuliko almasi kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo zirkonia ya karati moja huwa ndogo hivyohivyo. Sijaliona jiwe, siwezi kuapa. Lakini ama ni zirkonia, ama ni almasi iliyokatwa ovyo, uzito wote umejificha tumboni.

Kioo mlikionea bure, hata zirkonia inakikwaruza. Na pumzi? Kweli ukungu huondoka upesi juu ya almasi, maana inapitisha joto haraka, ila mtu aliyekwisha kupenda huona anachotaka kuona. Sonara mwenye kifaa cha kupima joto ataikamata zirkonia papo hapo. Moisanaiti, kito kingine cha kiwandani, ndiyo hukidanganya kifaa hicho, na ndiyo maana nang'ang'ania cheti cha maabara ya vito, kama cha GIA ya Marekani. Namba ya cheti mara nyingi huchongwa kwa leza ukingoni mwa jiwe. Mwambie sonara akuonyeshe kwa lenzi, kisha uihakiki kwenye tovuti yao.

Ukishapata jiwe la kweli, tazama mkato kwanza. Kwa kuwa umeitaja Mwadui: almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana pale mwaka 1947, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Ilipokatwa ikabaki 23.6. Zaidi ya nusu iliondoka ili inayobaki iwake! Huyo bwana wako anakuuzia uzito.

Rangi hupangwa kwa herufi, D ikiwa nyeupe kabisa na Z ya manjano hafifu. Kama pete ni ya dhahabu ya njano, usihangaike na D. J inakutosha, dhahabu yenyewe inaimeza ile njano kidogo. Usafi nao usikutishe: jiwe la daraja la VS2 lina madoa ambayo kwa kawaida huyaoni bila lenzi ya kukuza mara 10, na sijawahi kuona mgeni wa harusi aliyekuja na lenzi. Ila usiamue chini ya zile taa za dukani, hata chupa hung'aa pale. Liombe ulitazame dirishani, kivulini.

Uzito uwe wa mwisho. Jiwe la 0.90 na la 1.00 hutofautiana upana kwa kama robo ya milimita, lakini bei hurukia juu likigusa karati kamili. Na kama karati moja ni lazima, zipo almasi za maabara, yaani zinazotengenezwa na watu. Ni almasi kweli, kaboni ileile, kwa bei ya chini sana. Kasoro yake ni kwamba ukitaka kuiuza kesho hupati kitu cha maana, na ni lazima umwambie mchumba wako ni ya maabara.

Halafu, barua nzima umenieleza anachotaka shemeji. Mwenye kidole umemuuliza? Huenda anapenda tanzanaiti, au dhahabu tupu, na hela iliyobaki ikalipia ukumbi.

Huyo bwana mwambie Jumamosi mkutane kwa sonara utakayemchagua wewe, aje na jiwe lake. Akitokea, niandikie tena.