Mwembe wa kunyongea na rupia za Mjerumani

SWALI: Nyuma ya boma la Mjerumani mjini kwetu kuna mwembe mkubwa, na ndani ya boma kuna chumba cha chini chenye ndoano ya chuma kwenye boriti. Inasemekana humo ndimo askari walimokuwa wakinyongea watu. Sasa amekuja jamaa na mashine ya kutafutia vyuma ardhini, anadai waliouawa walizikwa na rupia za dhahabu na anataka tuchange hela za kuchimba. Nitajuaje ukweli?

JIBU: Nianze na hicho chumba, maana kosa hili nalikuta karibu kila penye boma. Watu wanatafuta sehemu ya kunyongea gizani, chini ya ardhi, wakati jeshi la Mjerumani lilinyonga ili watu waone na waogope. Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi ya Mjerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895 kwenye mwembe, na hadi leo mahali pale panaitwa Mwembe Kinyonga. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, alinyongwa mtini Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, watu wake wakitazama. Songea, tarehe 27 Februari 1906, wapiganaji wa Maji Maji zaidi ya 60 walinyongwa na kufukiwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni, naye alinyongwa, akazikwa peke yake.

Kwa hiyo mwembe wako unastahili kuulizwa habari zake kuliko hicho chumba. Ndoano za namna hiyo zilitundikiwa taa, mizani au kapi la kupandishia magunia. Ingia na tochi ukague kuta. Ukikuta kona zimeviringwa na lipu ya chokaa imeshuka hadi sakafuni, pasipo dirisha wala mlango wa kawaida, hilo ni birika la maji ya mvua. Kuhusu mwembe, wafuate wazee mmoja mmoja, wasikae pamoja. Muulize kila mmoja nani alimsimulia, waliouawa walikuwa wa ukoo gani, watu walisimama wapi. Andika majina.

Sasa huyo jamaa. Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani, ile ya rupia 15 yenye tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916, katikati ya vita, fedha zilipokuwa zimeadimika. Makunganya alikuwa kaburini miaka zaidi ya ishirini, mashujaa wa Songea miaka kumi. Nani aliwazika na sarafu ambayo haikuwepo? Na mtu aliyenyongwa kama adui, mnyongaji wake amwekee dhahabu kwa sababu gani? Mashine yake inalia kwa msumari na ganda la risasi vilevile inavyolia kwa sarafu, na kando ya boma la jeshi vitu hivyo vimejaa ardhini. Italia, atawaonyesha, mtachanga tena. Baadaye atasema mali ina walinzi, inahitaji kafara, na bei itapanda. Nimeshaona watu wazima wakiuza ng'ombe na mabati ya nyumba kwa wimbo huohuo.

Hela zikiliwa zinaweza kutafutwa tena. Kaburi likivurugwa halirudi. Mwaka 2023 mafuvu yaliyochukuliwa huku enzi za ukoloni na kuhifadhiwa Berlin yalipimwa vinasaba, na ndugu walio hai wakapatikana hapa Tanzania. Ukoo wa Mangi Meli bado unatafuta kichwa chake, kinachoaminika kuwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mfupa mmoja uliolala mahali pake, na udongo wake juu yake, unaweza kumrudisha mtu kwa jina. Mchimba mali anachanganya matabaka yote kwa sururu, anatupa mifupa kando, na akikosa dhahabu anahamia wilaya nyingine. Kufukua kaburi ni kosa la jinai, na kuchimba malikale, yaani mabaki ya kale, kunahitaji leseni, hata kama kiwanja ni cha babu yako.

Usichange. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri na maelezo ya wazee mkononi, ukaombe wataalamu wa mambo ya kale waje. Kama shimo limeshaanza, simamisheni kazi leo, lifunikeni kwa turubai, na ule udongo uliotolewa msiusogeze.