Windows ndani ya Mac: Time Machine peke yake haitoshi

Time Machine ni programu ya Mac inayohifadhi nakala za mafaili yako, lakini kwa Windows iliyo ndani ya Mac unahitaji zaidi ya hiyo. Kabla ya kuchomeka diski ya nje ili kuhifadhi nakala ya Windows, jua kwanza imekaa wapi. Iko kwenye Boot Camp, yaani diski ya Mac imegawanywa na unachagua uingie upande upi unapowasha kompyuta? Au ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa, inayofunguka kama programu ndani ya Parallels Desktop, VMware Fusion, VirtualBox au UTM? Boot Camp ipo kwenye Mac za Intel pekee. Kuanzia Mac zenye chipu ya M1 za mwaka 2020 haipo tena.

Kuna mtego katikati. Parallels na Fusion kwenye Mac za Intel zinaweza kufungua partisheni (kipande cha diski) ya Boot Camp kana kwamba ni mashine pepe. Hapo, kwa mfano kwenye Parallels, utaona faili la mashine lenye jina linaloishia na .pvm, utalinakili na kuridhika, kumbe lina mipangilio tu na kielekezi cha kwenda kwenye partisheni. Ukiona faili dogo mno kwa Windows nzima, shtuka.

Mashine pepe

Parallels huziweka kwenye folda ya Parallels ndani ya folda yako ya nyumbani, Fusion kwenye Virtual Machines, VirtualBox kwenye VirtualBox VMs. Kinachoonekana kwenye Parallels na Fusion kama faili moja ni folda iliyofungwa, na ndani yake mna diski nzima ya Windows. Ndiyo maana Time Machine na mashine pepe hazipatani vizuri: ukifungua Windows dakika tano tu, faili kubwa limebadilika, na nakala mpya inahitajika. Baya zaidi, Time Machine inaweza kulinakili Windows ikiwa inaendelea kuandika. Nakala ya namna hiyo ni sawa na kompyuta iliyokatikiwa umeme: pengine itawaka, pengine haitawaka.

Njia iliyo salama ni ya mkono. Ndani ya Windows chagua Shut Down. Usitumie Suspend (kuisimamisha kwa muda), kwa sababu hali iliyosimamishwa hubeba kumbukumbu ya RAM na inaweza kukataa kuendelea kwenye Mac nyingine. Funga kabisa programu yenyewe. Kisha nakili kwenye diski ya nje iliyofomatiwa APFS, mpangilio wa faili wa Apple. Diski iliyotoka dukani ikiwa FAT32 haitafaa, kwani haipokei faili linalozidi GB 4. Mashine ya GB 80 kwenye diski ya kuzunguka ya USB 3 huchukua takriban robo saa, kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde. Kama Mac yako ni ya mezani na umeme wa mtaani hautabiriki, chagua saa yako vizuri.

Ukimaliza, linganisha kwenye Terminal, programu ya Mac ya kuandika amri:

`diff -rq ~/Parallels/"Windows 11.pvm" /Volumes/Akiba/"Windows 11.pvm"`

Badilisha majina yafanane na ya kwako. Ikinyamaza, nakala ni sawa na ya asili.

Mambo mawili watu huyaita nakala, na sivyo. Snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, hukaa ndani ya faili lilelile. Likiharibika, vinakwenda vyote. Na ukitumia Duplicate ya Finder kwenye diski ileile ya APFS, kazi huisha kufumba na kufumbua kwa sababu hakuna kilichonakiliwa: mafaili yote mawili yanashiriki data moja.

Ukishakuwa na utaratibu wa mkono, itoe mashine pepe kwenye Time Machine kupitia orodha ya vitu visivyohifadhiwa. Lakini data unazozalisha kila siku usizisubirishe hadi mwisho wa wiki. Ziweke kwenye folda inayoshirikiwa na Mac. Kwenye Parallels, njia inayoanza na `\\Mac\Home` ina maana faili liko upande wa Mac, na Time Machine italichukua kama kawaida.

Kwa Windows 11 kwenye Fusion, kumbuka nenosiri la usimbaji uliloweka ulipounda mashine kwa ajili ya TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Mac yako inaweza kuwa inalijaza yenyewe kutoka Keychain (hifadhi yake ya manenosiri), ukalisahau. Kwenye Mac nyingine utaulizwa.

Boot Camp

Partisheni hii ni ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, na Time Machine haiigusi kamwe, wala haikuonyi. Winclone, programu ya Twocanoes iliyouzwa kwa malipo, ilitengenezwa kwa kazi hii. Kabla ya kuitumia, ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `chkdsk C: /f` ili diski ikaguliwe na kurekebishwa, kubali, uwashe upya. Halafu `powercfg /h off`, ili Windows izime kikweli badala ya kujilaza. Kama BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, inafanya kazi, izime na usubiri imalize kufungua diski yote.

Windows yenyewe ina System Image (nakala ya diski nzima) kwenye Control Panel, na ni ya bure. Kuirudisha kwenye Mac ndiko kwenye hatari: ukiweka alama kwenye "Format and repartition disks", partisheni ya macOS nayo itafutwa.

Kuijaribu nakala

Usiifungue nakala ya mashine pepe iliyo kwenye diski ya nje, maana kuifungua ni kuibadilisha. Inakili tena kwenye Mac, mahali pengine, kata mtandao kwenye mipangilio yake, ndipo uiwashe. Kwenye Parallels na Fusion utaulizwa kama umeihamisha au umeinakili. Kwa jaribio jibu "Copied". Siku ya kurejesha kweli, ile ya asili ikiwa imepotea, jibu "Moved". Utambulisho wa mashine hubaki uleule na Windows haidai leseni upya.

Na kama unahama kutoka Mac ya Intel kwenda yenye chipu ya M, nakala kamili haitakufaa sana. Windows ya Intel haiendeshwi huko kama kawaida. Ukiilazimisha kwa uigaji wa UTM, yaani programu iigize chipu ya Intel, itatambaa. Utasakinisha upya Windows 11 ya ARM, aina ya chipu ambayo Mac za M hutumia. Kwa hiyo toa mafaili, funguo za leseni na hifadhidata za programu zako za hesabu wakati Mac ya zamani bado inawaka.