Maswali ya Wasomaji: Picha Isiyoonyesha Kitu

SWALI: Nilitembelea jumba la sanaa ambamo picha za kamera zenye rangi tupu, bila mtu wala mandhari inayotambulika, zilitundikwa pamoja na vikapu, vyungu na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Vikapu nilivielewa mara moja, lakini mbele ya picha nilisimama bila kujua nitazame nini. Je, kuna ustadi wowote hapo, au mpigaji alikosea tu kuishika kamera?

JIBU: Shaka yako ina msingi, kwa kuwa tumezoea kuiuliza picha ya kamera swali moja tu, yaani hiki ni kitu gani, na picha dhahania inapokataa kulijibu tunadhani haina la kusema. Kikapu hatukiulizi hivyo. Tunatazama jinsi ukindu ulivyosukwa, mahali rangi zilipobadilishwa, na iwapo ukingo umefungwa sawasawa. Itazame picha kwa jicho hilo hilo na ujiulize imetengenezwaje. Huenda mpigaji aliisogeza kamera kwa makusudi huku shata, yaani kilango kinachoingiza mwanga ndani ya kamera, ikiwa wazi kwa robo ya sekunde au zaidi, ndipo miti ikageuka michirizi. Huenda aliikaribia mno kutu au rangi inayobambuka ukutani, hadi mtazamaji asiweze tena kukadiria ukubwa wa kitu chenyewe. Au aliweka plastiki angavu kati ya vichujio viwili vya polaraizi, vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, ambapo mikazo iliyobaki ndani ya plastiki hujitokeza kama mikanda ya rangi. Katika njia ile ya kwanza bahati ina sehemu kubwa, nami sioni sababu ya kulificha hilo: ustadi unakuwa katika kuchagua, kwa maana picha nyingi hutupwa ili moja ibaki. Ukiona mfululizo ambao rangi zake zinaitikiana, na kila picha imekatwa mahali ambapo ukipasogeza kidogo utaiharibu, ujue mpigaji alikusudia. Ukikuta picha moja iliyofifia, ambayo imekuzwa mno ili ukubwa ufiche udhaifu wake, baki na shaka yako.

Njia hizi si ngeni. Mwaka 1917 mpigapicha Alvin Langdon Coburn alionyesha mjini London picha alizozipata kwa kupiga kupitia vioo vitatu vya kujitazamia vilivyopangwa pembetatu. Rangi ndiyo iliyochelewa kukubalika, kwa kuwa majumba ya sanaa yaliipendelea kwa muda mrefu picha nyeusi na nyeupe, huku rangi ikiachiwa matangazo na majarida. Ernst Haas, aliyeuacha mwendo wa wanyama na watu uyeyukiane katika rangi, alipata maonyesho yake katika Museum of Modern Art ya New York mwaka 1962 tu.

SWALI: Kuweka picha na kazi za mikono katika chumba kimoja hakuzishushi hadhi zote mbili?

JIBU: Sidhani. Shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919, ilikuwa na karakana ya ufumaji, na László Moholy-Nagy, aliyetengeneza picha dhahania bila kamera kwa kuweka vitu juu ya karatasi inayohisi mwanga, alifundisha huko kuanzia mwaka 1923. Anni Albers, aliyejifunza ufumaji katika karakana hiyo, alionyesha vitambaa vyake katika jumba lile lile la New York mwaka 1949. Kinachoshusha hadhi ni pale kikapu kinapowekwa sakafuni kama pambo la picha, bila jina la msusi, ilhali jina la mpigaji limeandikwa ukutani.

SWALI: Nimenunua picha ya rangi, kitambaa kilichofumwa na chungu. Nivitundike na kuviweka wapi?

JIBU: Anza na mwanga, kwa sababu rangi iliyopauka hairudi, na madhara hujikusanya: mwanga hafifu kwa muda mrefu hudhuru kama mwanga mkali kwa muda mfupi. Makumbusho mengi huweka vitambaa vilivyotiwa rangi katika mwanga wa takribani luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kiasi ambacho nyumbani kitaonekana giza, kwa hiyo jitahidi angalau kuepuka ukuta unaopigwa na jua. Kioo cha fremu kinachozuia miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, husaidia, ingawa hakizuii madhara yote, kwani mwanga unaoonekana nao hupausha. Kwa picha, muulize muuzaji aina ya wino: wino wa chembe za rangi kwa kawaida hudumu kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa, na muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo hajaijua bidhaa yake. Karatasi isigusane na kioo, maana unyevunyevu huweza kuzigandisha pamoja. Kitambaa kisining'inizwe kwa misumari miwili pembeni, bali kishonewe mkanda wa kupitishia ufito ili uzito ugawanyike katika upana wake wote. Chungu ambacho rangi yake ilichomwa pamoja na udongo hakipaushwi na mwanga. Sehemu iliyo karibu na dirisha kiachie hicho.