Kitasa Kisichofunguka Bila Intaneti Usikifunge Mlangoni

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja wa Pangani anayejenga nyumba ya wageni, akaniuliza kama afunge vitasa vinavyofunguliwa kwa simu, kwa kuwa muuzaji amemhakikishia kwamba wageni wa siku hizi hawataki kubeba funguo. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yake, kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote: asivifunge, labda viwe na tundu la ufunguo.

Katika nyumba yetu ya wageni ya Raskazone, hapa Tanga, vitasa hivyo vililetwa na kaka yangu, ambaye pia ni mbia wangu. Mimi nilidai ufunguo wa chuma tangu siku ya kwanza, na baada ya mabishano marefu nikaachiwa chumba kimoja tu, cha upande wa uani. Ukibonyeza programu kwenye simu, amri haiendi moja kwa moja kwenye mlango ulio mbele yako, bali inasafiri kwa intaneti hadi kwenye sava, yaani kompyuta kuu, ya kampuni nje ya nchi, inakaguliwa huko, ndipo inaporudi kupitia ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, na kukiruhusu kitasa kifunguke. Yaani mlango wangu, niliougharimia mwenyewe, ulikuwa unaomba ruhusa ugenini.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Jioni ile alifika bibi mmoja na wajukuu zake, wametoka Moshi kwa basi, watoto wamechoka hata kusimama hawawezi. Nilibonyeza simu, kiduara kikazunguka na kuzunguka, kitasa kimya.

“Mwanangu, kwani mlango huu hauna ufunguo?” aliniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea.

Walilala chumba cha uani, na namshukuru Mungu kwamba nilikipigania.

Vitasa hivyo vya simu navyo viliharibika kimoja baada ya kingine. Nilipofungua kifuniko cha betri cha kimojawapo, nilikuta vyuma vinavyoshika betri vimeota kutu ya kijani, na waya mmoja mwembamba umelika hadi kukatika, kwa sababu upepo wetu wa baharini una chumvi na unyevu, navyo vifaa vile havikuzibwa vya kutosha. Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwamba Tanga bado haijawa tayari kwa teknolojia ya namna hiyo. Neno hilo sijalisahau mpaka leo.

Si kweli, na ushahidi upo. Agosti 2017, kampuni ya LockState ya Colorado, Marekani, ilivitumia baadhi ya vitasa vyake sasisho la programu lililokusudiwa kwa vitasa vya aina nyingine, na takriban vitasa 500 vikagoma, vikiwamo vya watu wanaopangisha nyumba zao kupitia Airbnb. Mwaka huohuo waandishi wa shirika la habari la Bloomberg walionyesha kwamba mifuko ya matunda ya mashine ya juisi ya Juicero, mashine iliyohitaji intaneti na iliyoingia sokoni kwa dola 699, inakamulika kwa mikono mitupu; kabla mwaka haujaisha kampuni ikafungwa. Hayo hayakutokea Tanga. Tatizo ni kifaa kilichoongezewa mambo hadi kikashindwa kazi yake ya kwanza, na ndugu zangu, tusikubali kuaibishwa kwa ubovu wa vitu tulivyouziwa kwa fedha zetu halali.

Kazi ya kitasa ni kufunga na kufungua, umeme uwepo usiwepo, bando liwepo au liwe limekwisha. Kabla hujalipa, zima ruta mbele ya muuzaji, toa betri, kisha mwambie afungue. Akishindwa, shika fedha yako uondoke. Akikuambia hali hiyo hutokea mara chache, ondoka vilevile, maana mgeni aliyesimama nje usiku na watoto hafarijiwi na uchache huo.

Nawe dada wa Pangani, kama fundi seremala hajatoboa milango, mzuie leo. Vitasa hivi vinataka mashimo makubwa kuliko ya kawaida, na sisi tulipovibadilisha ilibidi kila mlango uzibwe kwa kipande cha mbao, upigwe msasa na kupakwa vanishi upya, gharama ambayo muuzaji hakuitaja. Nunua vitasa vya kawaida, na kwa kila chumba chongesha funguo tatu: mmoja wa mgeni, mmoja wa mapokezi, na mmoja ukae nao mwenyewe.